Joto la Kumwonyesha Marlys

Tanuri la kupashia nyumba joto lilizimika tena, na safari hii Renae alilisikia kwa masikio yake. Feni ilinguruma kule chini ya nyumba, pakatoka mlio mdogo, tak, kisha kimya. Akaacha kumenya viazi na kumgeukia mumewe, aliyekuwa mezani na kikombe cha kahawa.

"Limezima."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi," Verlyn akajibu bila kuinua macho.

"Basi mwite fundi."

"Jumapili? Unamjua fundi wa Jumapili wewe? Anakuja na bei yake, anatikisa kichwa, anakwambia tanuri limekufa ununue jipya. Mara ile ya mwisho kanisemesha kama mtoto wa chekechea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Siiti tena mtu."

Huko nje kulikuwa na nyuzi ishirini chini ya sifuri, na theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Renae alikwishavaa sweta mbili. Madirisha yote yalikuwa yamebandikwa nailoni tangu Oktoba, kila ufa umezibwa kwa utepe, lakini baridi ya Minnesota haina haja ya mlango. Ilishaanza kupanda kutoka sakafuni, na vidole vya miguu vilikuwa vikiuma ndani ya soksi za sufu.

Ingekuwa siku nyingine, wangejifunika mablanketi wakasubiri Jumatatu. Leo Marlys alikuwa anakuja. Marlys, mwalimu, ni dada yake Verlyn, mkubwa wake kwa miaka minne, na alikuwa amesema wazi kwenye simu: akitoka kanisani atapitia kumwona mama. Akikuta nyumba haimfai mwanamke wa miaka themanini na sita, wiki hiyo hiyo anampeleka nyumba ya wazee kule Duluth. Chumba alishakiulizia. Tangu kiwanda cha karatasi kimwachishe Verlyn kazi, Marlys alikuwa haamini kama kaka yake anaweza kumtunza hata kuku.

Mama mwenyewe, Bi Ardis, alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, anafuma soksi na kusikiliza ibada redioni. Hakuwa na habari. Ndivyo Verlyn alivyotaka.

"Usimwambie Mama kitu," akamnong'oneza mkewe. "Ataanza kuhangaika. Njoo unishikie tochi."

Wakashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Tanuri lilisimama pembeni, sanduku la bati lenye urefu wa mtu, na mabomba mawili meupe ya plastiki yakitoka ubavuni mwake na kupenya ukuta hadi nje: moja la kuvuta hewa, la pili la kutoa moshi. Verlyn akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na taa ndogo nyekundu ikimweka mara tatu, inatulia, inamweka tena mara tatu. Kwenye mgongo wa kifuniko kulikuwa na karatasi ya maelezo, na Renae, ambaye macho yake yalikuwa bado mazima, akaisoma kwa sauti.

"Mara tatu: swichi ya pumzi haifungi. Angalia kama bomba la kutolea moshi limeziba."

"Bomba nililiangalia juzi. Halina kitu."

"Juzi theluji ilikuwa haijaanguka, Verlyn. Toka tu nje uangalie. Hatua mbili."

 Kupitia kidirisha cha juu walisikia mashine ya Delmer ikinguruma. Delmer, mzee wa nyumba ya pili, alikuwa amekuja tangu alfajiri kuwasafishia njia ya gari bila kuombwa, kama anavyofanya kila theluji inapoanguka. Mji wa Nyholm ndivyo ulivyo. Mtu hakugongei mlango kukuuliza kama una shida. Anakuja na mashine yake, anarusha theluji pembeni, anaondoka. Wewe nawe humwendei na maneno ya asante, ataona aibu hadi masikio yawe mekundu. Unampelekea sahani ya vitu vitamu, mnazungumzia hali ya hewa, basi mmemalizana.

"Nikitoka sasa hivi nikaanza kuchungulia bomba," Verlyn akasema polepole, "Delmer atazima mashine aniulize kuna nini. Nimwambie nini? Ana jirani wa kanisani kila kona. Kabla ibada haijaisha Marlys atakuwa ameshajua kwamba kwa Verlyn Tveit tanuri halifanyi kazi."

"Si halifanyi kazi kweli?"

"Litafanya. Hii swichi ndiyo mbovu. Kiwandani tulikuwa nazo mia za namna hii, zinachoka tu. Nishikie tochi, acha maneno."

Akakata kipande cha waya mwekundu, akakichuna ncha mbili kwa meno, na kukiunganisha kutoka upande huu wa swichi hadi upande wa pili, ili tanuri lidhani swichi imefunga na mambo ni salama. Renae alimulika. Alitaka kusema kitu, akaangalia mikono ya mumewe, mikono iliyokuwa haijapata kazi ya maana tangu mwaka juzi, namna ilivyokuwa ikifanya kazi hii kwa haraka na furaha, akameza maneno yake. Mungu amsamehe, alimwonea huruma wakati alipopaswa kumkataza.

Feni ikanguruma. Gesi ikashika, vuu! Moto ukawaka, ingawa ndimi zake zilikuwa na rangi ya chungwa, hazikuwa za buluu. Verlyn alishafunga kifuniko.

"Umeona?" akasema huku akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Fundi wa nini?"

*

Marlys aliingia akipangusa viatu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyevaa koti la kanisani, na macho yake yalifika pembe zote za nyumba kabla hajavua glovu.

"Hamjambo humu. Wifi, umekonda. Au ni hiyo sweta?"

"Karibu, wifi. Kahawa iko tayari."

"Nitaonja kidogo tu. Daktari kanikataza." Akapita kwenye kipima joto ukutani, akainama kukisoma. Kisha akaweka kiganja juu ya tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, akakiacha hapo kwa muda mrefu kama muuguzi anayepima homa. Verlyn alisimama mlangoni akimtazama, taya zimekaza. Ni aibu iliyoje, mtu mzima kukaguliwa nyumba na dada yake kama mpangaji!

"Kuna joto," Marlys akakiri.

"Ulitegemea nini? Barafu?"

"Sikutegemea kitu, Verlyn. Nauliza tu. Mama haruhusiwi kuuliziwa?"

Bi Ardis akacheka kwenye kiti chake. "Nyie wawili mkiacha kugombana nitajua nimekufa. Kaa chini, Marlys. Mchungaji kasema nini leo?"

Wakaketi. Renae akaleta kahawa, mkate wa viazi wenye siagi na sukari, na chakula cha kuoka cha nyama na maharage ambacho Marlys alikila huku akisema si kibaya, na Nyholm ukisema chakula si kibaya umekisifu sana. Nyumba ilizidi kupata joto. Madirisha yakaanza kutoa jasho, maji yakiteremka ndani ya nailoni na kukusanyika chini kwenye utepe. Renae akayaangalia. Alikuwa hajawahi kuyaona yakilia namna ile.

Ndipo kile kifaa kidogo cheupe cha ukutani, cha kunusa hewa ya sumu, kilipopiga kelele kwenye ujia wa vyumba vya kulala. Pii, pii, pii, pii! Kikatulia, kikaanza tena. Wote wakaruka.

"Nini hicho?" Marlys akauliza, kikombe hewani.

"Si kitu." Verlyn alishasimama. "Kimezeeka. Kinalia hata mtu akikaanga yai."

"Lakini leo hatujakaanga—" Renae akaanza.

"Nimesema kimezeeka!"

Akakibandua ukutani, akatoa betri, na kelele zikakatika. Alirudi akakaa kama mtu aliyefukuza nzi. Lakini hakumtazama mkewe machoni, na Renae aliliona hilo. Alitaka kumfuata jikoni ambane. Angefanyaje mbele ya Marlys? Neno moja tu kuhusu tanuri na Bi Ardis angefungashiwa nguo zake jioni ile ile. Alimpenda mama mkwe wake. Huyu ndiye aliyemfundisha kuoka mkate huu, ndiye aliyekaa naye mimba zilipoharibika, wakati mama yake mzazi alituma kadi tu.

"Kichwa kinanigonga," Marlys akasema baada ya muda, akijikanda paji la uso. "Wifi, kahawa yako ingeweza kuamsha maiti."

"Hata mimi," Renae akasema. "Labda ni joto. Tumezoea baridi."

"Lakini tazama Mama." Sauti ya Marlys ikalainika, na Renae alijua kinachofuata kilimgharimu. "Mashavu yake yalivyo mekundu. Kule Duluth walimu wenzangu wote wana mama zao nyumba ya wazee, na wamepauka kama karatasi. Verlyn, nitasema ukweli. Nilikuja na nia yangu. Ila naona mnamtunza. Acha niongee na mume wangu, labda tungoje mpaka masika."

  Verlyn aliinamia sahani yake, akakata kipande cha mkate ambacho hakukila, na masikio yake yakawa mekundu. Bi Ardis alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, sindano za kufumia zimelala mapajani.

*

Renae alifunga vipande sita vya mkate kwa karatasi, akaviweka kwenye sahani, akasema anampelekea Delmer. Kweli alitaka kutoka tu. Tumbo lilikuwa limeanza kumchafuka na miguu ilikuwa mizito.

Baridi ya nje ilimpiga usoni akavuta pumzi ndefu, na ndani ya dakika chache, alipofika nusu ya njia, kichwa kikaacha kugonga. Akasimama. Mbona kimeacha? Kahawa bado ilikuwa tumboni mwake ile ile.

Njia ya gari ilikuwa imesafishwa hadi saruji ikaonekana. Delmer ni mtu wa kazi safi. Theluji yote alikuwa ameirusha upande mmoja kama kila mara, upande wa nyumba, lakini usiku ule ilikuwa imeanguka nyingi kupita kawaida, na lundo lilikuwa limepanda ukutani hadi usawa wa kifua. Renae akautazama ukuta ule. Siku zote za baridi hapo hutoka mvuke mweupe, unapanda mpaka kwenye paa. Kwa mvuke huo hujua tanuri linapumua. Leo hapakuwa na mvuke. Mabomba yote mawili yalikuwa chini ya lile lundo.

 Taa nyekundu haikudanganya. Swichi haikuwa mbovu. Ilikuwa inawaambia.

Na sasa ndipo alipofanya kitu ambacho hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Hakukimbilia mlangoni. Alimfikiria Marlys akisema tungoje mpaka masika. Akafikiri: nikifukua sasa hivi, kimya kimya, moshi utatoka, Marlys ataenda zake, kisha nitafungua madirisha. Nani atajua? Akapiga magoti kwenye theluji, akamwaga mkate wa Delmer, akaanza kuchimba kwa sahani. Theluji ya mashine hushindiliwa ikawa ngumu. Sahani ikavunjika. Akachimba kwa mikono, glovu zikalowa, vidole vikafa ganzi, huku akijiambia bado kidogo, bado kidogo, na kila "bado kidogo" ilikuwa pumzi nyingine ya wale watu watatu mle ndani.

Bomba likatokea. Likakohoa moshi mzito uliomchoma macho. Renae akainua uso, na kupitia dirisha la sebule, nyuma ya nailoni inayotiririka maji, akaona Marlys amesimama akiwa ameshikilia kiti, mdomo wazi, na Verlyn kapiga magoti mbele ya mama yake anamtikisa mabega. Kichwa cha Bi Ardis kilikuwa kikienda huku na huko.

"Tokeni!" Renae akapiga yowe. "Tokeni nje! Ni sumu! Verlyn, mtoe Mama nje!"

Aliufungua mlango kwa kishindo, akauacha wazi. Marlys alikuja akiyumba, akatapika ngazini na kulichafua koti lake zuri la kanisani. Verlyn alimbeba mama yake mikononi, mwanamume mwenye miaka sitini akilia kwa sauti, "Mama, Mama, amka, Mama," na soksi iliyofumwa nusu ikimfuata sakafuni kwa uzi wake. Wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la Marlys. Renae akapiga simu akiwa amesimama kwenye theluji, na alipoulizwa kuna nini, alijibu neno ambalo hakuna aliyethubutu kulisema mbele ya Marlys: tanuri.

*

Zimamoto wa Nyholm ni watu wa kujitolea, kwa hiyo waliofika walikuwa nusu ya kanisa. Bi Ardis alipelekwa kwa gari la wagonjwa akiwa na barakoa ya oksijeni, Marlys kando yake. Kiongozi wa zimamoto, Lyle, aliingia ndani na kipimo chake, akatoka upesi.

"Funga gesi kwenye mita," akamwambia mwenzake. Kisha akamgeukia Verlyn. "Dakika kumi zaidi, ningekuwa naita watu wa maiti. Nani kalundika theluji hapo?"

 Delmer alikuwa amefika, hana kofia, katika vazi la nyumbani na mabuti. Alitazama ukuta, akatazama shimo alilochimba Renae na vipande vya sahani, na vipande vya mkate vilivyokusudiwa kuwa vyake.

"Ni mimi," Delmer akasema. "Ilikuwa nyingi. Sikuwa na pa kuirusha. Mungu wangu, Ardis... Ni mimi."

Hakuna aliyemtukana. Nyholm hawatukani. Walisogea tu mbali naye hatua moja, na hiyo ni mbaya kuliko matusi. Mwanamke mmoja wa kanisani akanong'ona kwamba mzee wa umri ule hakupaswa kuachiwa mashine. 

Renae akamtazama mumewe. Verlyn alikuwa ameinamisha kichwa. Renae alisubiri aseme. Akasubiri. 

"Verlyn," akamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Sema wewe, au niseme mimi."

"Renae, twende hospitali kwanza."

"Tanuri lilizima lenyewe!" Renae akalipuka, na miaka thelathini ya kunyamaza ikatoka naye. "Asubuhi lilizima mara tatu. Liliona limezibwa pua, likakataa kuwaka, kama lilivyotengenezwa! Theluji ya Delmer isingemdhuru mtu. Tungekaa na baridi tu. Tumefunga waya tukalilazimisha. Kifaa kikalia, tukakinyonga. Mimi ndiye niliyeshika tochi, na mimi nilijua kabla hamjajua, nikachimba kimya kimya nisiaibishwe na wifi. Msimwangalie Delmer. Tuangalieni sisi."

Lyle alishuka chini ya nyumba, akapanda na kipande cha waya mwekundu kiganjani.  Alikitazama, akamtazama Verlyn, waliyesoma naye darasa moja, kisha akakitia mfukoni. Verlyn akamwendea Delmer, lakini wanaume wa kule hawajui kuombana radhi. Alisimama mbele yake akihangaisha mikono, mpaka Delmer mwenyewe akamshika bega.

"Nenda kwa mama yako," mzee akasema.

*

Bi Ardis aliamka jioni. Daktari alisema moyo umetikisika na kumbukumbu huenda zikapungua, lakini ataishi. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda. Marlys alikaa upande mmoja, nywele zimevurugika, hana tena sauti ya kumgombeza mtu. Verlyn alisimama miguuni mwa kitanda, hakuthubutu kusogea.

"Mama," akasema. "Tutaweka tanuri jipya. Nitauza mashua, nitauza gari. Fundi anakuja kesho. Hutasikia baridi hata siku moja, nakuapia."

Bi Ardis alisogeza barakoa ya oksijeni pembeni ya mdomo wake.

"Nitakwenda na Marlys," akasema.

Marlys akaanza kulia. Hakuonekana mtu aliyeshinda. Renae aligeukia dirisha. Huko chini kwenye maegesho mtu alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, kwaru, kwaru.

"Kwa sababu ya tanuri?" Verlyn akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Hebu niambie kwanza. Ninyi wawili mlikuwa mnanong'ona nini asubuhi kule jikoni? Nilisikia mnanong'ona. Mlikuwa mnanificha nini?"

Verlyn akashika chuma cha kitanda.

"Kwamba nyumba ina baridi, Mama."

"Hilo tu, basi?"

"Basi."

Bi Ardis alimtazama mwanawe. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ambayo maji yaliganda ndooni kando ya kitanda, yeye na ndugu zake sita.

"Verlyn, mwanangu," akasema, "ungeniambia. Ningevaa koti."